Muhali Haumsitiri Aliyeumizwa

Huku Jadida, kama kwengine Pemba, tuna neno tunalolitamka kwa upole kuliko linavyostahiki: muhali. Ni ule uzito wa kumsema ndugu, jirani au mkwe hata pale unapojua alichokifanya. Tunaulea kama adabu. Mimi nasema ni ulinzi wa bure tunaompa mkosaji, na kwa sababu hiyo naitetea filamu ya Aisha mbele ya kila anayedai kwamba filamu za namna ile zinaanika aibu za watu.

Filamu hiyo ya 2015 iliongozwa na Chande Omar. Aisha, mke wa mtu anayeishi mjini, anarudi kwao Pangani, ng'ambo ya bahari kutoka kwetu, kwa ajili ya harusi ya nduguye. Akiwa huko anabakwa. Kinachofuata ndicho kinachouma zaidi: anataka haki, na anakuta kwamba kwa watu wake kelele zake ni tatizo kubwa kuliko alilofanyiwa. Chande anatuweka na swali hilo: nani yuko upande wake?

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kipuuzi. Dini na malezi yetu yametufunza sitara; hatumvui mwenzetu nguo hadharani. Lakini sitara hiyo ni ya nani? Aliyeumizwa akichagua kunyamaza, huo ni uamuzi wake na tuuheshimu. Wazee wakikaa wakamnyamazisha, wakakubaliana fidia na kuiita sulhu, hapo aliyesitiriwa ni mwengine kabisa.

Tangu 2021 Zanzibar ina mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Ni hatua kubwa. Ila mahakama humsubiri shahidi, na shahidi wetu amekaa nyumbani akimuonea muhali ami yake. Hakimu hawezi kuingia chumbani ambamo mama anamwambia bintiye, "Mwanangu, yaache yapite." Filamu inaweza. Inaweza kukaa jamvini pamoja na wale wazee, ikatuonesha nani anasema, nani anainamisha uso, na msichana wamemkalisha wapi wakati mambo yake yanaamuliwa.

Siombi filamu za kumdhalilisha mtu mara ya pili. Ubakaji hauhitaji kuoneshwa ili ueleweke. Naomba wenzangu wa Pemba wenye kamera watuoneshe kikao cha sulhu tangu salamu ya kwanza hadi dua ya kufunga, bila mawaidha ya mwisho ya kutupoza moyo. Kisha tuitazame filamu hiyo sebuleni pamoja na wazee wetu, na ikimalizika mabinti wawe wa mwanzo kuulizwa wameona nini.