Cheni mpya ilivyoniumbua Buguruni

JAMANI, kuna aibu halafu kuna aibu. Ile niliyoipata mimi pale makutano ya barabara za Uhuru na Mandela, Buguruni, ilikuwa ya kuhama mji.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina baiskeli ya mtumba kutoka Japani, mbele spoketi moja, nyuma gia 6. Ndiyo inayonitoa Tabata kwenda Kariakoo kila asubuhi bila kupitia dirisha la daladala. Cheni yake ilikuwa imechoka, imelegea, ina kutu. Nikajibana, nikanunua mpya, inang'aa mpaka unaweza kuchania nywele. Jumapili nikaifunga mwenyewe, fundi wa nini? Jumatatu nikaingia barabarani kifua mbele.

Taa ikawaka kijani. Nyuma yangu daladala, ubavuni lori la kontena. Nikasimama juu ya pedeli ili niwahi kuvuka. KRAK! Cheni ikaruka, mguu ukaenda na hewa, goti likagonga usukani, mimi huyo chini. Daladala likafunga breki likasimama kama hatua mbili kutoka kichwani kwangu. Konda akachungulia: "Anko, peleka hiyo baiskeli hospitali, ina kwikwi!" Abiria wakacheka gari zima. Mimi nilikuwa natetemeka. Zile hatua mbili nimeshaziota mara kadhaa.

Nikajikokota mpaka dukani Kariakoo na goti langu linavuja damu. Duka limejaa wateja. Mwenye duka ni mzee wa makamo ya baba yangu, lakini hasira haina adabu, sikumpa hata shikamoo. "Umeniuzia cheni feki! Ulitaka nife?" Wateja wakageuka wote. Wawili waliokuwa wanahesabu hela wakazirudisha mfukoni.

Mzee hakupandisha. Akaniuliza tu, "Baiskeli iko wapi?"

Akaiegemeza ukutani, akaniambia nishike breki ya nyuma na kukanyaga pedeli kwa mkono. Cheni ikapanda juu ya meno ya friwili, ikaruka: krak. Akahamisha gia, akaweka ile ya kubwa kabisa ambayo siitumii mara nyingi. Nikakanyaga, imetulia tuli. Akaniuliza, "Wewe huwa unapenda gia ya ngapi?" Ya nne, mzee. Akanionyesha meno ya gia ya nne: yamechongoka na kulala upande mmoja, wakati ya gia kubwa bado yana mabega.

Hapo ndipo nilipopata darasa. Watu tunasema cheni imevutika, kumbe chuma hakivutiki namna hiyo. Kinacholika ni pini na matundu yake. Kila kiungo kinapata nafasi kidogo, ukijumlisha vyote cheni inakuwa ndefu. Cheni ndefu inakaa juu juu ya meno, inayachonga mpaka yafanane nayo. Kwa hiyo cheni zee na friwili zee zinaelewana, zimezeeka pamoja. Mimi nikaleta mke mpya kwenye nyumba iliyozoea tabia za yule wa kwanza! Cheni haikuwa feki. Kosa lake ni kwamba ilikuwa nzima.

Sasa sikia, kabla hujatoa hela yako, pima. Chukua futi ya chuma ya fundi seremala. Kila kiungo cha cheni ya baiskeli ni nusu inchi, iwe ya Phoenix ama ya mashindano, kwa hiyo viungo 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili, katikati ya pini mpaka katikati ya pini. Usianzie kwenye kile kikulabu cha mwanzo, kinachezacheza. Anzia inchi 1 uishie 13. Pini ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni peke yake na friwili itapona. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, umechelewa kama mimi, nunua vyote viwili. Spoketi ya mbele ina meno mengi, huwa inachelewa kulika, lakini itazame nayo.

Na kama mshiko hauruhusu? Mzee akaniambia kitu ambacho muuza duka hakulazimika kusema: rudisha cheni yako ya zamani, endesha mpaka zife zote mbili, halafu nunua kwa pamoja. Bahati mbaya ile ya zamani nilishaifungia banda la kuku.

Kwenye kununua friwili ndiko watu wanakopigwa. Kwanza jua yako ni aina gani. Nyingine ni friwili ya kukazwa kwa nyuzi kwenye hubu, nyingine ni kaseti, yaani meno yanachomekwa kwenye mifereji na kukazwa kwa pete ya nje. Toa gurudumu, zungusha meno kinyume, tazama pale katikati penye vijino vya kuingizia kifaa cha kufungulia. Vikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Vikitulia, ni friwili. Kisha hesabu gia: ya 6 irudishie ya 6, maana ukiweka nyingi zaidi inaweza kukwaruza fremu na kibadilishio chako hakitaelewana nayo. Hesabu na meno ya gia kubwa. Yangu ni 28. Ukiweka kubwa kuliko uliyokuwa nayo, cheni inaweza kuwa fupi na ule mkono wa nyuma ukashindwa kuibeba.

Cheni nazo zinalingana urefu wa kiungo, upana ndio mbalimbali. Ile nene ya baiskeli ya gia moja haipiti vizuri kwenye gia nyingi. Ile nyembamba ya gia 9 au 10 ni bei juu na kwako haina faida. Mtu wa gia 6, 7 au 8 atafute iliyoandikwa hivyo kwenye boksi, basi.

Halafu usikubali friwili ifunguliwe kwa nyundo na tindo. Kila unapokanyaga pedeli unazidi kuikaza, ndiyo maana inagoma. Inataka kifaa chake na spana ndefu, na ile mpya upake grisi kwenye nyuzi kabla ya kufunga. Tindo itakuharibia hubu, halafu fundi yuleyule akuuzie nyingine.

Lakini si kila kwikwi ni uzee. Kama inaruka mara moja moja kwa mpangilio, hata kwenye gia usiyoitumia, kuna kiungo kimekaza, mara nyingi palepale cheni ilipounganishiwa. Zungusha pedeli kinyume taratibu, utakiona kinapita kwenye vigurudumu vya nyuma kikiwa kimekunjamana. Kikunje kwa mkono kushoto na kulia mpaka kilainike. Kama inagonga tik-tik inataka kuhamia gia nyingine, hiyo ni waya: geuza kile kirubu cha waya nyuma nusu raundi, jaribu tena. Kama iliangukia upande wa kulia, chungulia kwa nyuma, mkono wa gia unaweza kuwa umepinda. Na kama pedeli inateleza wakati cheni imetulia kwenye meno, ugonjwa uko ndani ya friwili, usiisingizie cheni.

Ndugu yangu wa Phoenix, wewe legeza nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma hadi cheni ibaki na mchezo wa kama nusu inchi, kaza. Umemaliza.

Basi nikanunua friwili, mzee akanifungia palepale kwa kifaa chake. Wale wateja wawili walikuwa wameshaondoka zamani. Nikawaza nimemkosesha mauzo ya asubuhi nzima kwa kelele zangu, na yeye anahangaika na grisi kwa ajili yangu.

Nilipomaliza kulipa nikasimama pale mlangoni, sijui nianzie wapi.

"Shikamoo mzee."

Akanitazama, akafuta mikono.

"Marahaba. Hiyo nilikuwa naidai tangu asubuhi."