Hesabu ya mbono kwa mizani ya Kariakoo

Wadau, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei mpya za mafuta, huku hosteli lazima azuke mtu wa kusema: "Nchi ina ardhi kibao hii, kwa nini tusilime mafuta yetu wenyewe?" Juzi kazuka tena, na anasomea ualimu kama mimi. Jamani, tulishalima. Tena hapo Kisarawe tu, si mbali na Kariakoo.

Zao lenyewe lilikuwa mbono kaburi, mmea ambao bibi zetu walipanda kama ua wa shamba. Wataalamu wanauita jatrofa. Mbegu zinakamuliwa, mafuta yanatengenezwa dizeli. Sifa zilikuwa tamu: unavumilia ukame, hautaki ardhi nzuri. Kweli haufi. Ila kutokufa na kuzaa ni vitu viwili, na penye udongo mbovu ulizaa kiduchu.

Tupige hesabu kama mama muuza nazi pale sokoni. Lita moja ya mafuta inataka kama kilo 4 za mbegu. Tuseme dizeli ni shilingi 2,000 kwa lita (namba nyepesi tu, ya mfano). Hata mkamuaji asipolipia lori, mashine wala kodi, hawezi kumpa mkulima zaidi ya 500 kwa kilo. Akishalipia hayo yote je? Na matunda hayaivi kwa pamoja, unarudi mti uleule mara kadhaa, unachuma kwa mkono, unamenya. Halafu nenda Kariakoo kaulize kilo ya korosho zilizobanguliwa, utacheka mwenyewe. Muhogo nao ukikosa mteja mnachemsha mnakula. Mbono una sumu, hata mashudu yake ng'ombe hapewi. Mnunuzi wa mafuta asipotokea, labda upike sabuni.

Bei yenyewe hupangi wewe. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 140, Desemba ileile likawa chini ya 40. Duh! Kampuni zilizokuja wakati wa bei ya juu zikaishiwa pumzi. BioShape ya Uholanzi, kule Kilwa, ilifilisika 2010. Sun Biofuels ya Uingereza, iliyopewa zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11 vya Kisarawe, ilisimama 2011 na mamia ya watu wakakosa kazi.

Kazi kupotea inauma, ila mimi kinachoniuma zaidi ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inahamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla ndipo mwekezaji wa nje apewe. Kampuni ikifa, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Inasubiri mwekezaji mwingine, na mwanakijiji anaitazama tu.

Jamaa ananiambia napinga maendeleo. Wapi bwana! Diligent ya Arusha ilinunua mbegu kwa wakulima wadogo bila kuwachukulia mashamba. Nayo biashara iliishinda, lakini mkulima alibaki na shamba lake. Kwa hiyo akija mwingine na mmea wake wa miujiza, anunue mbegu. Aking'ang'ania ardhi, kabla kijiji hakijapiga kura aandike kwenye mkataba: nikifunga, ardhi inarudi kwenu, ndani ya miezi mingapi, na gharama za kuirudisha analipa nani.