MADEREVA WAPIMWE AFYA, WASIFUKUZWE KAZI

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalomgusa kila mwananchi anayepanda basi, anayeendesha gari au anayevuka barabara kwa miguu. Jambo lenyewe ni afya ya madereva wetu.

Kila inapotokea ajali kubwa, sababu zinazotajwa huwa ni zile zile: mwendo wa kasi, ulevi, uzembe na ubovu wa gari. Sikatai hata moja. Lakini gari tunalikagua breki, tairi na taa, na lori likifika Vigwaza au Makambako linapandishwa mizani. Mtu aliyeushika usukani tunamtaka apulize kipimo cha pombe tu. Ikiwa hakunywa, tunasema nenda salama. Hakuna aliyemwuliza kama usiku anaona vizuri, kama presha yake iko sawa, au kama sukari yake imeshuka.

Mimi niliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, safari ya zaidi ya kilomita 900, na sasa nimestaafu. Katika vijiwe vya madereva nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba dawa ya ajali ni kuwaondoa wazee barabarani. Wengine husema la, wenye makosa ni vijana. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea. Umri peke yake si ugonjwa. Ila kila umri una maradhi yake, na kila maradhi yana namna yake ya kumponza dereva.

Tuanze na vijana. Kijana ana macho makali na mkono mwepesi, lakini adui yake ni usingizi. Kwa kuwa ana nguvu hudhani anaweza kukesha, na akizidiwa hutafuna mirungi. Wataalamu wamepima wakaona kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na uangalifu sawa na mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde 4 tu, basi limekwenda karibu mita 90 bila mtu. Jambo hili ni zito zaidi sasa, kwa kuwa mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023.

Kijana pia anaweza kuwa na kifafa. Ugonjwa huu unatibika, na wengi wakimeza dawa zao kila siku hukaa miaka bila kuanguka. Lakini aliyeanguka juzi hafai kushika usukani leo, awe wa bodaboda au wa basi. Kwa kuwa bado wapo wanaoamini kwamba kifafa ni kurogwa, kijana huficha, na ndugu zake humsaidia kuficha.

Ukifika miaka 40 na zaidi, mambo hubadilika. Hapo ndipo presha na kisukari hushika kasi, hasa kwa mtu anayekaa kwenye kiti kutwa nzima, anayekula chipsi mayai usiku wa manane na asiyetembea. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka kadhaa bila kuumwa kichwa, kisha siku moja akapata kiharusi akiwa katikati ya mlima Kitonga na abiria nyuma yake.

Mwenye kisukari ana hatari mbili. Ya kwanza ni macho kuharibika polepole. Ya pili ni ya ghafla: akiwa anatumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, kisha akakosa chakula kwa kuwa tajiri anataka mzigo ufike, sukari hushuka. Hutokwa jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na trafiki akimwona hudhani amelewa. Huko Uingereza dereva anayetumia insulini hutakiwa kupima sukari kabla ya kuondoka na kila baada ya saa 2 njiani, na akikuta iko chini ya 5 ale kwanza. Kipimo hiki ni cha kidole tu na huchukua dakika moja.

Wapo pia wanene wanaokoroma sana. Watu huwacheka, kumbe wengine pumzi hukatika wakiwa usingizini mara nyingi kwa usiku mmoja. Mtu wa namna hiyo hulala saa 8 na kuamka amechoka, halafu mchana husinzia hata kwenye foleni. Huyo haitaji kahawa, anahitaji daktari.

Sasa wazee. Mzee mwenye busara hakimbii ovyo wala hapiti magari mlimani. Taabu yake kubwa ni macho. Wataalamu wa macho husema kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kiasi cha theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Kukiwa na mtoto wa jicho, taa za gari linalokuja humpofusha kabisa. Presha ya macho ndiyo mbaya zaidi, kwani huanza kula pembeni. Mtu anasoma kibao kilicho mbele yake barabara, lakini mtoto anayetoka kando ya barabara hamwoni. Leseni zetu sasa hudumu miaka 5, na katika muda huo macho ya mzee yanaweza kubadilika sana.

Ndugu Mhariri, watu wataniuliza kwa nini madereva hawaendi kupima wenyewe. Jibu ni rahisi. Wanaogopa kukosa ugali. Mwenzangu mmoja alimweleza mwajiri wake kwamba amegundulika na kisukari. Alikuwa amefanya jambo la uungwana. Wiki iliyofuata funguo alipewa mtu mwingine, bila barua wala kiinua mgongo. Madereva wote wa kampuni ile walijifunza somo moja tu: ukiumwa, nyamaza. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio cha dereva wa basi huwa cha watu wengi.

Kwa hiyo natoa rai ifuatayo kwa wahusika. Kwanza, madereva wa mabasi na malori wapimwe macho, presha na sukari kwa mpango unaojulikana, na upimaji uongezeke kadiri umri unavyoongezeka. Uingereza dereva wa lori au basi hupimwa na daktari anapoomba leseni, kisha kuanzia miaka 45 hupimwa kila baada ya miaka 5, na akifika 65 kila mwaka. Si lazima tuige kila kitu, lakini mwanzo ni huo. Pili, pawekwe vyumba vya kupimia katika stendi kuu na kwenye mizani, ambako madereva husimama hata hivyo. Tatu, na hili ndilo kubwa, anayekutwa na ugonjwa unaotibika atibiwe na kurudi kazini, na asiyeweza kurudi barabarani apewe kazi ya gereji, ya ghala au ya kuwafundisha vijana. Pasipokuwa na sharti hili, vipimo vyote vitageuka biashara ya kununua vyeti.

Aidha, wauza dawa wawaambie madereva ni dawa zipi zinaleta usingizi. Vidonge vya mafua na mwasho kama Piriton hununuliwa kama karanga, na mtu humeza viwili kisha akawasha gari.

Nasi abiria tusimshangilie dereva anayejigamba kwamba hajalala tangu jana. Miwani ya dereva isiwe kichekesho, na dereva anayesimamisha basi ale kwa sababu ya sukari yake asizomewe kwamba anatuchelewesha.

Dereva Mstaafu,
Makambako.