Samaki wa Nyumbani Akiugua: Tupime Maji Kabla ya Kukimbilia Dawa



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni samaki wa tangi la kioo anapougua nyumbani. Hapa kwetu Busia, pande zote mbili za mpaka, na kule Tororo, anayefuga samaki mara nyingi ana ngege au kambare bwawani. Lakini wapo wanaopenda tangi la kioo sebuleni, na wapo wanaojaribu hata la maji ya chumvi, lenye samaki wa rangi waliotolewa pwani, mamia ya kilomita kutoka hapa. Samaki hao ndio wagumu zaidi kuwatibu, na ndio maana tumewachagua.

Kwanza, je, inafaa kufuga? Wanavyuoni wengi wameruhusu, na miongoni mwa dalili zao ni habari ya Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania mtoto huyo kuhusu kindege hicho, wala hakumkataza kukifuga. Lakini ruhusa hiyo ina sharti. Tunakumbuka pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie. Samaki wa tangini yuko katika hali ya paka yule. Hawezi kuondoka kwenye maji machafu wala kwenda kutafuta hewa kwingine. Kila kinachomfika kimetokana na mkono wetu.

Sasa samaki huyo akiugua, kosa linalofanyika sana ni lile lile la nyumbani kwetu: kukimbilia duka la dawa. Mtu ananunua kapsuli za rangi mbili, anazifungua na kumwaga ule unga ndani ya tangi. Rai yetu ni kwamba asiyepima maji na asiyejua ugonjwa asitie dawa yoyote. Na tueleze kwa nini.

Ndani ya tangi wamo bakteria wazuri tusiowaona kwa macho. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria hao huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Tangi jipya huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hao hawajatosha. Anayenunua tangi Ijumaa na kulijaza samaki Jumamosi amewatia kwenye sumu kabla ya ugonjwa wowote. Na katika maji ya chumvi amonia huwa kali zaidi, kwa sababu maji hayo hayana uchachu kama mengi ya mito yetu. Basi ukimwaga antibiotiki unaweza kuwaua bakteria hao wazuri, amonia ikapanda, na samaki aliyekuwa mgonjwa kidogo akafa kesho yake. Halafu tunasema dawa ilikuwa dhaifu!

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutazama. Je, samaki wote wameanza kuhema juu ya maji kwa wakati mmoja? Hapo shuku maji: amonia, joto, au upungufu wa hewa baada ya umeme kukatika na pampu kusimama. Je, ni mmoja aliyeanza, kisha wa pili baada ya siku kadhaa? Hapo shuku maradhi ya kuambukiza. Kisha pima. Kuna vipimo vya matone vya amonia na naitraiti, kuna kipimajoto, na kuna chombo cha kupimia chumvi. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na joto la nyuzi 24 hadi 27 linawafaa wengi wa samaki hawa. Chumvi ya jikoni haitoshi, kwani maji ya bahari yana madini mengine pia. Amonia ikionekana, badilisha sehemu ya maji, punguza chakula, ongeza hewa. Mara nyingi hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Tuchukue ugonjwa mmoja unaojulikana sana, ule wa madoa meupe kama punje za chumvi kwenye mapezi na ngozi. Katika maji ya chumvi unaletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Si bakteria, kwa hiyo antibiotiki haimgusi. Kimelea huyo hukaa kwenye samaki siku chache, kisha huanguka chini, hujifunika kwa gamba mchangani, na humo huzaa wengine wengi wanaotoka kutafuta samaki. Madoa yakipotea watu hufurahi na kusema amepona, kumbe ugonjwa umeshuka mchangani na utarudi kwa nguvu zaidi.

Tiba yake inahitaji tangi la pili, hata kama ni ndoo kubwa safi yenye pampu ya hewa. Samaki huhamishiwa huko na kutibiwa, kwa mfano kwa dawa ya shaba, ambayo kiasi chake cha kawaida ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita. Ikipungua haifanyi kazi, na ikizidi inaua, kwa hiyo lazima ipimwe kila siku. Isitiwe kamwe kwenye tangi kubwa lenye kamba, konokono au matumbawe, maana hao huuawa na shaba. Tangi kubwa nalo liachwe bila samaki wiki 6 hadi 8 au zaidi, ili kimelea akose pa kukaa.

Kutenga mgonjwa si jambo geni kwetu. Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwenye ngamia wazima. Nasi watu wa mpakani tunalijua kwa macho: mwaka 2020 malori yalipanga foleni ndefu Malaba na hapa Busia madereva wakisubiri kupimwa Korona. Wengi tulilalamika, lakini sababu yake tuliielewa. Samaki mgeni naye asubiri kama mwezi mmoja kwenye tangi lake kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Wapo watakaouliza, je, si israfu kumhangaikia samaki wakati jirani ana njaa? Swali ni la haki. Anayeona gharama ya vipimo na tangi la pili ni kubwa kwake, basi asianze. Hakuna dhambi kutokuwa na samaki sebuleni. Lakini aliyekwisha kumfungia ana wajibu, na wajibu huo haufutwi na kusema ni samaki tu.

Na liko kubwa kuliko samaki. Mtoto akimwona baba anamwaga unga wa kapsuli tangini bila kujua ugonjwa, ndivyo atakavyofanya kesho kwa mwanawe mwenye homa. Sisi tunaishi penye malaria nyingi, na Tororo inajulikana kwa hilo hata na watafiti. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Hata hivyo bado tunameza dawa kwa kukisia, na tunaacha dozi katikati homa inaposhuka, kama yule aliyeona madoa meupe yamepotea. Nchini Uganda imekwishathibitika kuwa wapo vimelea vya malaria vinavyoanza kuhimili dawa za artemisinini tunazozitegemea.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba kila ugonjwa una dawa, na dawa ikiuafiki ugonjwa, mgonjwa hupona kwa idhini ya Allah. Tulitafakari neno hilo la kuafiki. Dawa isiyoafiki si tiba, hata ingekuwa ya bei kubwa, na kuijua inayoafiki kunahitaji kutazama, kupima na kuwauliza wenye ujuzi.

Basi wazazi, mpeni kijana wa sekondari daftari aandike kila wiki joto, chumvi na amonia ya tangi. Ni somo la sayansi na ni somo la amana kwa pamoja. Na siku mmoja wenu nyumbani akipata homa, huenda mtoto huyo ndiye atakayesema: twende tukapime kwanza.