Mfumo Hukomaa kwa Dhamana

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Wenye mabenki na maofisi makubwa hawaufuati msemo huo inapohusu mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamrisha kompyuta na kuzibeba programu nyingine zote. Kwao kipya hutiliwa shaka mpaka kithibitike, na wana haki.

Tuutazame mfumo wa Linux. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ukagawiwa bure. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1994. Hata hivyo mashirika makubwa yalisita, kwani mtambo ukikwama usiku wa manane, ni nani angewajibika? Mlango ulianza kufunguka mwaka 1998, Oracle ilipotangaza kuwa programu zake za kuhifadhi kumbukumbu zitatumika juu ya Linux. Desemba 2000 IBM ikaahidi kuutumilia mfumo huo dola bilioni 1 katika mwaka uliofuata. Mwaka 2002 Red Hat ikaanza kuuza toleo la mashirika, lenye ahadi ya matengenezo ya miaka kadhaa. Kufikia Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko nyingine duniani zilikuwa zikitumia Linux.

Lakini dhamana nayo ina mwisho. Waliotumia CentOS 8 wakitegemea matengenezo hadi 2029 waliambiwa Desemba 2020 kwamba yangekoma mwisho wa 2021. Vivyo hivyo, masahihisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Huendelea kufanya kazi huku mlango wake ukiwa wazi kwa wezi.

Kwetu sisi tunaoishi visiwani, ambako fundi na kipuri mara nyingi huvuka bahari, hapana budi ofisa anayetia saini ununuzi aulize mambo matatu: nani atautengeneza mfumo huu, hadi mwaka gani, na ni kijana gani wetu aliyekwisha kufundishwa kuutunza. Bei ije baadaye. Kompyuta yenye hati za ardhi na vyeti vya kuzaliwa imebeba amana ya wananchi, na amana haiwekwi kwa asiyekuwa na mdhamini.