Mwenye Matbaa Ndiye Anayechagua

Alinijia kijana mmoja alasiri ya Jumamosi, hapa Makole, Dodoma, nikaapo, akaniamkia kwa adabu ya watoto waliolelewa na bibi zao, nami nikamwitikia marahaba. Na tulipokwisha kuulizana habari za nyumbani, za mvua iliyochelewa na za bei ya unga, ndipo alipoitoa haja iliyomleta. Alikuwa amehitimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma, amedunduliza fedha za vibarua vya mwaka mzima, na sasa alikusudia kupanga fremu na kuanza kazi ya kusanifu mabango, kadi za arusi, nembo na majalada ya ripoti. "Mzee," akasema, "ninunue Mac au Windows?" Aliuliza kama mgeni aulizavyo kibla aingiapo msikiti asioujua, akiamini kwamba upande ni mmoja tu na kwamba wenyeji wote wanaufahamu.

Sikumjibu mara moja, kwa kuwa swali hilo nimelisikia miaka mingi likijadiliwa vibandani na maofisini kwa ghadhabu ambayo watu huiwekea akiba Simba na Yanga, na aghalabu wanaojadili humsahau mtu wa tatu, asiyekuwapo barazani lakini mwenye kauli ya mwisho, naye ni yule atakayeichapa kazi yenyewe. Rai yangu, ambayo nakusudia kuitetea hapa, ni kwamba katika mji wetu msanifu hajichagulii mashine. Mwenye matbaa ndiye anayemchagulia, naye humchagulia bila kujua kwamba amefanya hivyo.

Sifa ya Mac miongoni mwa wasanifu haikuzuka hewani. Macintosh ilitokea Januari 1984, na mwaka uliofuata ikapata sahibu wawili, mashine ya kuchapia ya LaserWriter iliyoifahamu lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe, na programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus, hata kazi iliyokuwa ikihitaji karakana nzima, yenye mpanga herufi, mpiga picha za filamu na mbandika kurasa, ikawezekana kufanywa na mtu mmoja aliyeketi mezani pake. Photoshop nayo, ilipozaliwa Februari 1990, ilizaliwa ndani ya Mac peke yake, ikakaa humo miaka kama mitatu kabla ya kufika Windows. Na nyumba za magazeti na za matangazo huko Ulaya na Marekani, zilizokwisha kununua mashine hizo na kuwafunza watu wake, hazikuona sababu ya kuhama. Hiyo ndiyo asili ya fahari tunayoiona leo kwa kijana anayeketi hotelini na tofaa lenye alama ya meno likiwaelekea wapita njia. Sababu ilikuwapo, nayo ilikuwa ya haki. Ila imekwisha kufa zamani, maana Photoshop, Illustrator na InDesign za sasa ni zile zile katika Mac na katika Windows, na mtu atazamaye bango lililotundikwa kando ya barabara hawezi kusema, hata akiapishwa, kwamba lilichorwa kwa mashine ipi.

Mila ya hapa kwetu iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1989 kampuni ya Corel, ya Ottawa huko Kanada, iliitoa CorelDRAW kwa ajili ya Windows, na programu hiyo, ambayo wasanifu wengi wa Ulaya huitazama kwa dharau, ndiyo iliyowashika mkono wachapaji wa miji yetu, wa stesheneri na wa mabango, kwa sababu ilifanya kazi katika kompyuta za bei nafuu, ilijifunzika kwa siku chache, na ilikuwa na kurasa, michoro na picha mahali pamoja bila ya kumtaka mtu afungue programu tatu. Iliwahi kwenda Mac, ikaondoka huko kwa miaka mingi, na haikurejea ila mwaka 2019. Tena mashine kubwa zinazochapa mabango ya turubai, na zile za kukatia stika, hazipokei mchoro moja kwa moja. Huhitaji programu ya kati inayoutafsiri mchoro kuwa matone ya wino, na programu hizo, pamoja na kijiti cha USB ambacho bila yake hazifunguki, kwa sehemu kubwa zimeandikwa kwa Windows tu. Basi mwenye matbaa ana Windows kwa dharura, ana Corel kwa mazoea, na mteja akimletea kitu kingine humtazama kama mtu aliyeleta fedha za nchi ya mbali.

Nayasema haya kwa uchungu wa aliyeonja. Miaka kadhaa nyuma, nilipokuwa natumia Mac niliyoinunua kwa bei ambayo ndugu zangu Wagogo wa vijijini wangeihesabu kwa ng'ombe, nilipewa kazi ya bango la hafla itakayofanyika Ng'hong'honha, kata iliyo jirani na Chuo Kikuu. Nililipanga bango kwa usiku mbili, nikaipeleka kazi matbaani, ambako kijana wa zamu hakuweza kulifungua faili langu ila kwa kulipitisha katika Corel. Na kwa kuwa herufi nilizozitumia hazikuwamo katika kompyuta yake, mashine ikaweka herufi nyingine kwa hiari yake, na kila penye king'ong'o pakatoka kijisanduku kitupu. Jina lile, mwaliona, lina king'ong'o zaidi ya kimoja, wala hakuna kinachoweza kupuuzwa. Bango la mita nne lilitundikwa asubuhi likiwa na visanduku viwili katikati ya jina la watu, na wazee wa pale, walionipokea kwa salamu yao ya mbukwenyi na tabasamu, hawakusema neno. Kunyamaza kwao kukanifedhehesha kuliko maneno. Mac haikuwa na kosa. Wala Windows haikuwa nalo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilichagua mashine nikiwa nimejitazama mimi, badala ya kuitazama safari nzima ya kazi, tangu mezani pangu hadi kwenye wino.

Ndipo nikamwambia kijana: anza kuhesabu kutoka mwisho. Ikiwa kazi yako itaishia katika matbaa za hapa mjini, na hasa ikiwa unategemea msimu wa Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, wakati wizara na taasisi zinapotaka ripoti, vipeperushi na mabango yao jana, basi nenda kwanza kwa wale watakaokuchapia, uwaulize wanapokea nini, kisha ununue mashine inayosema lugha yao. Ikiwa kazi yako ni filamu fupi na picha za kuishia katika simu za watu, wewe huna mwenye matbaa wa kumnyenyekea; na hapo Mac ina hoja ya nguvu, kwa sababu tangu ilipoanza kutumia vichakataji vyake yenyewe, kuanzia M1 ya Novemba 2020, kompyuta mpakato zake zimekuwa zikifanya kazi nzito kwa saa nyingi bila ya kuchomekwa ukutani. Neno hilo si dogo kwa mtu aliyeishi hapa wakati wa mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kutoa megawati 2,115, ulipoanza kuzalisha Februari 2024 tulishusha pumzi; lakini umeme una kukatika kwa namna nyingine, kwa upepo, kwa nguzo, kwa transfoma ya mtaa, na mwenye kompyuta ya mezani asiye na UPS hupoteza kazi ya mchana mzima kwa kufumba na kufumbua.

Kwa upande wa pili kuna vumbi. Uwanda wetu wa kati ni mkavu, mvua ni za miezi michache, na kuanzia Juni upepo hulisomba vumbi jekundu na kuliingiza kila penye tundu. Feni za kompyuta hulimeza, joto hupanda, na mashine huanza kuzimika yenyewe. Kompyuta ya Windows ya mezani ikifika hapo, fundi wa mtaani huifungua kwa bisibisi, huipuliza, hubadilisha pawasaplai, huiongezea RAM, na kabla ya magharibi umeshairudisha mezani. Mac za sasa RAM yake imefungamana na kichakataji, haiongezwi kamwe baada ya siku ya kununua, kwa hiyo aliyebana matumizi siku ile atajuta miaka yote; na Apple haina duka lake yenyewe nchini, bali wako wafanyabiashara wanaoziuza, ambao si wote wenye ujuzi wa kuzitibu. Kwa hiyo kompyuta nyingi za wasanifu wa hapa ni za mtumba. (Na hili neno limetupa kicheko mjini tangu Serikali ilipojenga mji wake mahali paitwapo Mtumba: mtu akisema amenunua kompyuta ya Mtumba, huulizwa kama ameitoa wizarani.) Lakini mwenye kununua ya mtumba na ajihadhari: Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka vifaa vya usalama ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina, hivyo rahisi ya leo yaweza kuwa ghali ya mwakani.

Wasanifu wa majengo, ambao wamekuwa wengi hapa tangu Serikali ilipohamia, sina haja ya kuwasemea sana. Ramani kuu ya Dodoma ya mwaka 1976, iliyotungwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto kwa ajili ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilichorwa kwa mkono na rula; wa leo wanatumia Revit, na Revit ni ya Windows tu, hoja ikaishia hapo, isipokuwa kwa wachache watumiao ArchiCAD, ambayo inakubali pande zote mbili.

Kuna jambo ambalo mabishano ya Mac na Windows hutusaidia kulificha, nami sitaki kulipita. Tangu mwaka 2013 Adobe iliacha kuuza programu zake mpya kwa malipo ya mara moja, ikaanza kuzikodisha kwa mwezi, na kodi hiyo hulipwa kwa kadi, na kwa kipimo cha mapato ya watu wengine. Basi tukitembea katika fremu zetu na kuuliza kwa insafu, programu ngapi zimelipiwa? Jibu tunalijua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na msanifu yule yule anayelalamika kwamba nembo yake imeibwa na jirani huwa ameichora nembo hiyo kwa programu aliyopakuliwa na rafiki. Simhukumu, lakini mtu mwenye fedha ya mashine moja tu, akaitumia yote katika chuma na asibakize chochote cha programu, huyo bado hajachagua, amefanya nusu ya ununuzi.

Hapo ndipo Linux inapoingia, mfumo huria usiolipiwa, nayo huingia kwa unyenyekevu, maana haina matangazo. Sisi si wageni wa programu huria za namna hiyo: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, waliitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili. Inkscape huchora, GIMP husafisha picha, Scribus hupanga kurasa, na Blender imekwisha kuthibitisha kwamba bure si dhaifu, kwa kuwa filamu ya katuni iitwayo Flow, kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Isitoshe, kompyuta ile ya mtumba iliyokataliwa na Windows 11 hupokelewa na Linux bila masharti. Mbona basi sikumwelekeza kijana huko? Kwa sababu ile ile: hakuna matbaa hata moja ninayoijua mjini hapa itakayolipokea faili la Inkscape kwa mikono miwili.

Na hapa nawageukia wenye matbaa wenyewe, ambao ni marafiki zangu na ambao nawadai soda kadhaa. Mabwana na mabibi, PDF ipo tangu 1993, na tangu 2008 ni kipimo cha mataifa yote, si mali ya Adobe peke yake. Hubeba herufi zake ndani, hubeba rangi zake, na huandikwa na Mac, na Windows, na Linux. Programu zenu za kutafsiria mchoro huipokea. Bandikeni mlangoni karatasi moja iseme kwamba mnapokea PDF, iseme vipimo mnavyotaka, rangi za CMYK, na ukingo wa milimita tatu wa kukatia. Mfundisheni kijana wa zamu asilifungue faili la mteja katika Corel na kulibadilisha, bali alichape kama lilivyo. Mkifanya hivyo mtawapa wasanifu wa Makole uhuru wa kununua mashine kwa kadiri ya mifuko yao na kazi zao, nanyi mtapumzika na lawama za herufi zilizohama.

Kijana alinisikiliza, akanishukuru, akaniacha. Jumatatu alizunguka matbaa tatu, akauliza swali nililompa. Zote tatu zilimjibu neno moja: lete Corel. Amenunua Windows.