Makumbusho ya Safari Yaanze na Mafundi

BARABARA ZETU
Na Zawadi Mwakio

Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971, Datsun 240Z la Edgar Herrmann na Hans Schüller, limehifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Zama, Japani. Siwalaumu Wajapani. Waliliunda, wakajua thamani yake, wakalitunza. Kinachoniuma ni mtoto wa Voi, ambaye huenda babu yake alisukuma gari kama hilo kwenye matope: yeye atalionea wapi?

Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ilivyokwenda yakawa yetu kwelikweli, Pasaka ikawa haijawa Pasaka bila vumbi lake. Mwaka 1963, na tena 1968, njia ilikuwa mbaya hivi kwamba magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na mtoto wa fundi, alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kupigwa na Safari ya mwaka uliotangulia. Watu wakamwita Simba wa Kenya. Bert Shankland wa Tanzania akatwaa ushindi mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5.

Historia hii inastahili nyumba yake, na Naivasha, yaliporejea mashindano ya dunia mwaka 2021, panafaa. Ila naogopa tusije tukajengewa ukumbi wa magari yaliyong'arishwa, vikombe na picha za washindi basi. Dereva na mwelekezi wake hawakushinda peke yao. Kuna fundi aliyelala chini ya gari usiku wa manane akibadilisha springi kwa mwanga wa tochi. Kuna wanakijiji waliokata matawi wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma, wakarushiwa matope, wakashangilia. Wengi wao sasa ni wazee, na majina yao hayamo katika orodha yoyote ya matokeo.

Kwa hiyo Makumbusho ya Kitaifa na wasimamizi wa mbio za magari wasingoje jengo. Watume watu wenye vinasa sauti sasa hivi kwenye gereji za Nairobi na Mombasa, wapande hadi milima ya Taita, wawarekodi wazee kwa lugha zao, waombe nakala za picha za familia, na wayanunue magari ya Safari yanayooza nyuma ya nyumba za watu kabla hayajauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu.